Sikio Kabla ya Jicho

Januari 2025 alifariki David Lynch, mwongozaji wa filamu wa Marekani. Oktoba ya mwaka huohuo akafuata Jane Goodall. Huku Kigoma msiba wa kwanza haukumsimamisha mtu shughuli zake. Wa pili ulikuwa wa kwetu: mama yule aliingia Kigoma mwaka 1960, akapanda boti kwenda Gombe, na tangu hapo watu wa mbali wakiutaja mkoa huu humtaja na yeye. Nawakalisha wawili hawa kwenye mkeka mmoja kwa sababu ambayo huenda wenyewe wasingeikubali. Wote waliinama hadi usawa wa majani wakatazama kinachoendelea chini yake, na waliyoyakuta huko yaliwaudhi watu waliotaka pazuri paendelee kuwa pazuri.

Ya Goodall nitayarudia. Kwanza Lynch, kwa kuwa ufundi ninaotaka kuusifu yeye ndiye aliyeufikisha mbali kuliko wengi: ufundi wa kutengeneza filamu ya hofu kuhusu mji mdogo ambao kila mtu anaapa kwamba umetulia.

Filamu yake ya mwaka 1986, Blue Velvet, imewekwa katika mji wa kubuni uitwao Lumberton, ingawa ilipigwa Wilmington, jimbo la North Carolina. Inaanza kwa uongo mtamu. Uzio mweupe, waridi jekundu, anga la buluu. Gari la zimamoto linapita taratibu na mzimamoto anapunga mkono kama mtu ambaye hajawahi kuuona moto maishani mwake. Mzee mmoja anamwagilia nyasi mbele ya nyumba. Mpira wa maji unajikunja, mzee anajishika shingoni, anaanguka. Maji yanaendelea kuruka, na mbwa anayarukia kuyanywa kwa furaha zake zote, juu ya mwili wa mtu aliyelala chini. Hapo kamera inamwacha mzee. Inashuka kwenye nyasi, inapenya kati ya majani, inazidi kwenda chini hadi kwenye giza ambako wadudu weusi wanapandana na kung'ang'aniana.

Kinachonishangaza kila ninapoiangalia ni mpangilio wake. Kabla hujawaona wadudu, umeshawasikia. Wimbo laini wa mapenzi uliokuwa ukiimba juu ya waridi unafifia, na chini yake inapanda sauti nyingine, ya kutafuna, ya kitu kikavu kinachosagana na kikavu mwenzake, hadi inajaza chumba ulichokaa. Jicho linapofika, sikio limeshatishwa. Aliyetengeneza sauti hiyo ni Alan Splet, fundi aliyekuwa amekwisha kupewa tuzo maalumu ya Oscar kwa kazi yake katika The Black Stallion, filamu ya 1979. Macho ya Splet yalikuwa dhaifu sana. Napenda kuamini kwamba jambo hilo lina mchango wake katika filamu ambayo humfanya mtazamaji awe na macho mabovu na masikio makali.

Kisha linakuja sikio lenyewe. Kijana Jeffrey, mtoto wa yule mzee, akitoka kumwona baba yake hospitali anakatiza uwanja wenye magugu na kuokota sikio la mtu. Limekatwa, limeanza kuoza, sisimizi wanalitembelea. Analitia kwenye mfuko wa karatasi na kumpelekea askari mpelelezi wa mtaani kwao, kwa adabu kabisa, kama anarudisha sahani ya jirani. Lynch alieleza kwamba ilibidi liwe sikio kwa kuwa sikio ni tundu, mtu anaweza kuingia ndani yake. Na kweli kamera inaingia. Binti wa mpelelezi, Sandy, ndiye anayempa Jeffrey fununu za kwanza, naye hakuona chochote: chumba chake kipo juu ya ofisi ya baba yake, na maneno humfikia kupitia sakafu.

Mtu aliyekulia katika nyumba zetu za Mwanga au Ujiji, zile ambazo hazina dari na ukuta wa chumba unaishia kabla ya kufika kwenye bati, hahitaji kufundishwa mambo ya Sandy. Ugomvi wa chumba cha pili unaujua tangu salamu yake ya kwanza hadi kilio. Unajua nani amerudi saa ngapi na kwa mwendo gani. Asubuhi mnakutana bombani, mnasalimiana, mnaulizana habari za nyumbani, na wote mnajibu kuwa ni njema.

Nimejiuliza mara nyingi filamu hii ingepokewaje kwenye kibanda umiza cha Gungu. Swali la kwanza lingekuwa lilelile la siku zote: steringi nani? Wangeoneshwa Jeffrey. Halafu Jeffrey anajificha kabatini ndani ya nyumba ya mwanamke, anamchungulia akivua nguo, na kibanda kizima kingeanza kulalamika kwamba steringi gani huyu. Malalamiko ya haki. Lynch alitaka yatoke. Na fundi wa kutafsiri naye angepata kazi. Namheshimu sana marehemu na aliye hai katika fani hiyo, kuanzia Kapteni Derek Gaspar Mukandala, yule mashabiki waliyemjua kwa jina la Lufufu, ambaye alizichukua filamu za kigeni akazisimulia kwa Kiswahili cha vijiweni hadi adui wa Hong Kong akawa na wajomba Tandale. Lakini ufundi ule unakula kila upenyo wa kimya. Penye mlio wa bomba, msimulizi ataweka utani. Penye pumzi ya mtu gizani, ataweka methali. Blue Velvet ikisimuliwa hivyo inabaki hadithi ya kawaida ya jambazi aliyemteka mume na mtoto wa mwimbaji wa baa. Imeshaeleweka, na ikishaeleweka haitishi tena.

Maana hofu ya filamu hii inatunzwa kwa kunyimwa. Jambazi Frank Booth, aliyeigizwa na Dennis Hopper, anavaa barakoa na kuvuta gesi kabla ya kufanya ukatili wake, na filamu haitaji ni gesi gani. Jeffrey anamtazama kupitia mbao za mlango wa kabati, kwa hiyo nasi tunamwona kwa vipande, bega, mkono, nusu ya uso. Mwongozaji mvivu angefungua mlango wa kabati. Lynch anaufunga na kutuachia pumzi.

Nageuka sasa kuutazama mji wangu. Kigoma ni mji wa kadi ya posta. Stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani bado imesimama na madirisha yake ya upinde, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, na dagaa wanaoanikwa Katonga wanang'aa kama fedha. Ujiji kuna miembe mikubwa inayotoa kivuli kizuri kuliko chochote mkoani. Iko kandokando ya njia ya misafara, ile iliyotoka hapa hadi Bagamoyo ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Watalii hupigwa picha chini yake, halafu huendelea hadi kwenye mnara wa Livingstone. Hollywood nayo ilipoijia Ujiji, kwa filamu ya 1939 iliyompa Spencer Tracy nafasi ya Stanley, ilivutiwa na wazungu wawili waliosalimiana mwaka 1871. Chini ya nyasi haikushuka.

Lakini Kigoma ina kisa chake, na nikikumbuka kisa hicho ndipo naona kuwa ufundi wa Lynch si mapambo. Mwaka 2019 nchi nzima ilisikia jina ambalo wanawake wa Kigoma Ujiji walikuwa nalo midomoni kwa muda: Teleza. Ni wanaume walioingia usiku katika nyumba za wanawake, wengi wao wanawake wanaoishi bila mume, wakiwa wamejipaka oili mwilini ili wakishikwa waponyoke. Walibaka, walijeruhi kwa visu. Kata ya Mwanga Kusini ndiyo iliyotajwa zaidi. Wanawake walisema hadharani kwamba walikuwa wamelalamika siku nyingi kabla ya mtu kuwasikiliza. Viongozi wakakemea, watu wakakamatwa, magazeti ya Dar es Salaam yakaandika, kisha yakahamia habari nyingine.

Mtu wa mbali akisimuliwa hudhani ni ndoto mbaya, au ni ndugu wa popobawa, shetani aliyewakesha watu wa Unguja na Pemba mwaka 1995. Ndivyo jambo hili lilivyo hatari kwa msimulizi. Ni la ajabu kiasi kwamba akilini hukimbilia kwenye mizimu, na likishafika huko hakuna wa kushtakiwa. Waliolipitia walizungumza juu ya wanaume, visu na oili. Oili ile ile inayomwagwa kwenye gereji.

Gazeti lilihitaji idadi, na mahakama ilihitaji uso. Waliovamiwa usiku, ndani, taa zimezimwa, hawakuwa na vitu hivyo viwili vya kutoa. Walikuwa na kitu kingine ambacho hakuna karani aliyekuwa na safu ya kukiandika: mlio wa bati pale lilipobonyea, komeo likichezewa, mbwa aliyebweka halafu akanyamaza, na ule muda kati ya kunyamaza kwa mbwa na kufunguka kwa mlango. Ushahidi wao ulikuwa wa sikio. Filamu ndicho chombo kinachoweza kuuchukua ushahidi wa namna hiyo na kumfanya mtu wa Masaki au wa Mbezi aketi ndani yake kwa dakika tano bila kupewa ruhusa ya kutoka.

Ninajua pia mahali ambapo filamu hiyo ingeharibika. Mwili uliopakwa oili ukimulikwa kidogo kutoka pembeni unang'aa vizuri sana kwenye kamera. Kila mpigapicha angeshawishika. Siku tutakayomwona Teleza aking'aa kwenye kioo, akiruka ukuta kwa mwendo wa polepole na ngoma zikilia, ndiyo siku atakayokuwa steringi, na vijana watatoka kibandani wakimwigiza. Fundi mwenye akili hatauonesha mwili ule hata mara moja. Ataonesha doa kwenye shuka lililofuliwa na kukataa kutoka. Ataonesha kiganja cha oili ukutani kwa urefu wa bega, na mama akikitazama asubuhi akiwa ameshika kitambaa, hajui akifute au akiache ili askari akija akione.

Wavuvi wetu wa dagaa wanakijua kipimo hiki cha mwanga kuliko mwongozaji yeyote. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, ila chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni. Samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu, na chini yao ni giza ambalo halijawahi kupumua. Usiku usio na mwezi mitumbwi hutoka na taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi za sola, na wavuvi husubiri. Taa ile haiwashwi ili kulifukuza giza. Inawashwa kuita. Dagaa huja, na nyuma yao migebuka inayowala, na wote hao wasingepanda kama giza pembeni lisingebaki kuwa giza. Ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kubwa watu hupumzisha nyavu: mwanga umezagaa kila mahali na hakuna kinachokusanyika. Kuna filamu nyingi za kwetu zinazopigwa kwa mbalamwezi. Kila kona imemulikwa, muziki unalia toka mwanzo hadi mwisho, mchawi anajulikana kwa nyusi zake, na wavu unarudi mtupu. (Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, tuliokaa ufukweni tuliona jinsi usiku ule ulivyokuwa mrefu bila mstari wa taa. Bei ya dagaa nayo ilitukumbusha.)

Filamu iliyokaribia zaidi kuvua kwa namna hiyo katika nchi hii ni White Shadow ya mwaka 2013. Mwongozaji wake, Noaz Deshe, ni mgeni, lakini ilipigwa Tanzania, kwa Kiswahili, na Watanzania mbele ya kamera. Inamfuata Alias, mvulana mwenye ualbino aliyeigizwa na Hamisi Bazili. Baba yake anauawa, mama anampeleka mjini kwa mjomba, na huko anajifunza kuuza barabarani: miwani ya jua, diski za filamu, simu. Mtoto ambaye jua lenyewe ni adui yake anatembeza miwani ya jua kwenye foleni ya magari, na filamu haisimami hata sekunde moja kukuonesha kwamba hilo ni jambo la kuchoma. Mjomba Kosmos, dereva wa lori mwenye madeni, ni James Gayo, mchoraji yule yule aliyetupa katuni za Kingo. Ukimjua kwa vichekesho vya Kingo, uso wake hapa unakuchanganya: unangojea acheke, hacheki.

Mauaji ya baba tunayapata kwa vipande, gizani, kwa kiasi ambacho mtoto aliyejificha angeweza kukipata. Kamera ipo karibu mno. Inakosa pumzi, inapoteza njia, inashika mgongo wa mtu na kudhani ni mti. Deshe mwenyewe ni mmoja wa walioishika. Watazamaji wengine waliichoka, na katika sehemu ya kati mimi pia nilitamani itulie. Karibu saa mbili za kutikiswa ni nyingi. Hata hivyo naelewa sababu ya uamuzi huo. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoenea Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, yalitufikia kama hesabu. Wangapi mwaka huu, wangapi wilaya ile, bei ya kiungo gani ni shilingi ngapi. Vicky Ntetema, akiwa mwandishi wa BBC, alijifanya mteja na kwenda kwa waganga mwaka 2008 ili kusikia kwa masikio yake biashara hiyo ikijadiliwa, na baada ya kuitangaza ilibidi ajifiche kwa ajili ya vitisho. Kazi yake ilikuwa ya ushujaa na ilitikisa dola. Ila baada ya mwaka mmoja au miwili hesabu hizo zilikuwa zimeshatuzoea, nasi tumezizoea.

Huku kwetu hesabu hizo zilikuwa na anwani. Ukipanda kwenda Kasulu unafika Kabanga, shule ya watoto wenye mahitaji maalumu iliyogeuka kuwa ngome. Watoto wenye ualbino waliletwa hapo walale nyuma ya ukuta, wengine wakiwa na mama zao, wengine peke yao kwa miaka, huku ng'ambo ya mpaka, mkoa wa Ruyigi nchini Burundi, nako watu wakikimbizwa kwa sababu hiyohiyo. Shirikisho la Msalaba Mwekundu lilitoa taarifa juu yao mwaka 2009. Mgeni akipita barabarani angeona shule tu: sare, mti, kengele. Tisho lilikuwa kwamba waliokuwa wakitafuta viungo hawakutoka kuzimu. Walikuwa watu wa vijijini, wengine ndugu wa damu, na pesa ilitoka kwa watu wenye nafasi waliovaa viatu safi. White Shadow inalijua hilo. Adui zake hawana nyusi za uchawi. Wanakunywa soda.

Filamu hiyo ilishinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013, tuzo inayobeba jina la Luigi De Laurentiis. Nduguye Luigi, Dino, ndiye aliyetoa fedha za Blue Velvet. Huo ni ujamaa wa kubahatisha tu, lakini umenifurahisha.

Sasa lazima niseme kinachonikera kwa Lynch, maana ukisifu fundi bila kuangalia mishono yake iliyoachia, humsifu. Mkosoaji Roger Ebert aliipa Blue Velvet nyota moja ilipotoka. Hakuchukizwa na giza lake; alichukizwa na jinsi mwigizaji Isabella Rossellini alivyodhalilishwa mbele ya kamera huku filamu ikirudi kila mara kwenye mzaha wa mji mdogo. Kuna tukio ambamo Dorothy, yule mwimbaji, anatokea usiku uwanjani akiwa uchi, ana majeraha, mbele ya watu. Lynch alisema aliitoa utotoni: yeye na mdogo wake waliwahi kumwona mwanamke akitembea barabarani uchi, analia, nao hawakujua la kufanya. Rossellini mwenyewe aliitetea kazi hiyo. Nami naiona nguvu yake. Lakini nikiwafikiria wanawake wa Mwanga, nakuwa upande wa Ebert kwa hatua kadhaa. Lynch alituficha gesi, akatuficha uso wa Frank nyuma ya mbao, akatufundisha kusikia kabla ya kuona, halafu mwili wa mwanamke akauweka kwenye mwanga wote. Hapo alikiuka kanuni yake mwenyewe. Aliyedhulumiwa ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kufichwa.

Deshe analikwepa kosa hilo mara nyingi. Van Lawick, mpigapicha wa Goodall kule Gombe, hakuwa na haja ya kulikwepa, maana watu wake walikuwa sokwe.

Ndiyo, nimerudi Gombe. Ni mwendo wa kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, boti zinaondokea Kibirizi. Hugo van Lawick alifika huko miaka ya mwanzo ya 1960 na kamera ya filamu, na mwaka 1965 runinga za Marekani zikaonesha Miss Goodall and the Wild Chimpanzees, Orson Welles akisimulia kwa ile sauti yake ya pipa. Pepo tupu. Binti mwenye nywele za dhahabu, sokwe mwenye ndevu nyeupe anayeshusha mkono kuchukua ndizi, mto, vipepeo. Goodall alikuwa ameshaona sokwe akipenyeza unyasi kwenye kichuguu cha mchwa na kuwatoa kuwala, na ugunduzi huo wa kifaa ndio uliompa jina. Miaka kumi baadaye nyasi zilifunuka kwa namna nyingine. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1978 sokwe wa kundi la Kasakela waliwawinda wenzao wa Kahama, ambao walikuwa wameishi nao na kuchanana nao manyoya, wakawaua mmoja baada ya mwingine. Katika miaka hiyohiyo mama mmoja aliyeitwa Passion, akisaidiwa na binti yake Pom, alikuwa akiwapokonya majike wengine vichanga na kuvila. Goodall alieleza baadaye jinsi picha za ukatili ule zilivyomjia usiku. Na kana kwamba sokwe hawakutosha, Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa walishuka kwa boti usiku wakateka vijana wanne wa kituo chake.

Zaidi ya saa 100 za picha alizopiga van Lawick zilikaa zimefungiwa hadi Brett Morgen alipozipata na kutengeneza filamu ya Jane mwaka 2017. Sehemu inayonihusu mimi ni hii: picha zile hazikuwa na sauti. Zilikuwa bubu. Mafundi walilazimika kuujenga msitu wa Gombe upya kwa sikio, ndege mmoja baada ya mwingine, kila mlio wa sokwe ukilinganishwa na mdomo unaofunguka. Nikiwa nimeketi kuitazama niligundua kwamba furaha ya nusu ya kwanza na hofu ya nusu ya pili zinatoka msitu uleule, majani yaleyale, mwanga uleule. Kilichobadilika ni kinachosikika kwa mbali, nyuma ya majani, kabla ya sokwe kutokea. Splet angetabasamu.

Kwa hiyo filamu ya Kigoma bado haijatengenezwa, nami nina maoni yangu kuhusu atakayeitengeneza. Ningependa awe mwanamke wa hapa, na kabla ya kukodi kamera aazime kinasa sauti kizuri, akeshe Mwanga mwezi mzima. Arekodi bati linapopoa saa saba za usiku. Arekodi jenereta ya baa ikizimwa na ule uwazi unaobaki. Boti za Kibirizi, adhana ya kwanza ya Ujiji, mama akiburuza kabati kuliweka nyuma ya mlango. Hilo la kabati asilikose. Gharama yake ni ndogo, na akiwa na saa 30 za sauti za namna hiyo, ameshapata filamu, picha zitafuata.

Shida itakuja kwenye kuionesha. Vibanda umiza vya kwetu ni vya wanaume. Mwanamke mwenye heshima zake haonekani humo, na filamu hii ikianzia humo itakuwa imetazamwa na watu wasiohusika, pengine na baadhi ya wanaohusika sana. Kwenye uwanja wa wazi usiku, kama zile sinema za magari ya matangazo, ndiyo kabisa haiwezekani. Itabidi itafutwe ukumbi wa shule, Jumamosi, madirisha yazibwe kwa mablanketi, na filamu ya usiku ianze saa nane mchana, ili waliokuja kuitazama wafike nyumbani jua lingali juu.